Wewe Sikuulizi

Tangu Nickson amwache, mwalimu Careen alikuwa akienda shuleni kwa kuzunguka nyuma, huko kwenye matanuri ya matofali, ilimradi asipite mbele ya ofisi ya maji anakofanya kazi huyo bwana. Kumwona hakukumtisha. Alichoogopa ni kumsalimia, maana Kasulu hupishani na mtu kimya kimya ukaeleweka, na sauti yake mwenyewe alikuwa haiamini tena. Ndipo akapata wazo la wimbo. Akiweza kuuimba mpaka mwisho bila sauti kukatika, basi ile ofisi ataipita kifua mbele.

Alikuwa mwalimu wa fizikia, kapangiwa huku kutoka Same, na kwa kawaida yake hakuna kitu alichokiamini kabla ya kukijaribu.

Studio ya Gasper ilikuwa chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani, kuta zimebandikwa trei za mayai, mlangoni limening'inizwa godoro. Careen alitaka muziki wa zamani, ule wa gitaa linalochekacheka na kina dada wanaoitikia, uliochezwa na mama zetu enzi za usichana wao. Gitaa lilipigwa na Emile, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambaye vidole vyake vilikuwa na adabu kuliko mdomo. Aliusikiliza ubeti wa kwanza, wa machozi na mto uliolowa, akaweka gitaa chini.

"Madamu, hii iko wimbo ya kilio," alisema. "Watu watauliza jeneza iko wapi."

Careen alinuna, ila hakubisha. Wakaanza upya, na katikati ya kurekodi godoro likasukumwa. Alikuwa Verediana, yule fundi cherehani wa mbele, kafuata simu yake iliyokuwa ikichaji. Gasper alikuwa ameandika KIMYA mlangoni kwa rangi nyekundu, lakini Verediana ni Muha aliyelelewa akaleleka; kuingia penye watu bila kusalimia, bora abaki nje. Akakunja magoti, akapiga makofi taratibu, akaanza salamu ya Kiha, "Mwakeye." Akawaulizia watoto wa Gasper, akauliza mahindi, kuku, mpaka jenereta kama imepona. Emile hakuacha kupiga gitaa. Mama wa watu akachukua simu yake, akaenda zake.

Gasper alitaka kufuta. Careen akamzuia. "Hebu irudishe nisikie."

Yale makofi yalikuwa yameliangukia gitaa sawasawa, yakalipa mwendo ambao kompyuta ya Gasper ilikuwa imeshindwa kuutoa asubuhi nzima. Wakairudia tena na tena.

"Ameuliza hata jenereta," Emile alisema kutoka nyuma ya spika alikokaa. "Miye hakuniuliza." Alicheka, lakini Careen aliona kuwa jambo lile limemchoma, na hapo hapo akaujua wimbo wake.

Verediana akaombwa arudi. Alimsalimia Emile kwanza, salamu ndefu ya kufidia, kisha akasimama kwenye maikrofoni na mikono yake tayari. Careen akaimba, kidevu juu:

*Hodi, bwana, napita tu kusalimia.*
*Baiskeli haijambo? Redio haijambo?*
*Shati la maua nililokununulia, bado linakufunga kifungo?*
*Jogoo hajambo? Mama hajambo?*
*Nimeuliza wote. Wewe sikuulizi.*

Raha iliyoje! Gasper alijikuta anatikisa mabega. Tatizo lilikuwa moja: kila walipofika kwenye "Mama hajambo?" sauti ya Careen ilikatika.

"Ni pumzi," Gasper alisema.

Careen akaligeuza jambo hilo somo la maabara: badili kimoja, vingine viache. Akavuta pumzi mapema, ikakatika. Mama akapelekwa mwanzo na baiskeli mwisho. Baiskeli ikapita vizuri, kwa mama ikakatika. Kwa kujitesa akamwingiza Nickson mwenyewe, kwa jina lake. Sauti ikapita nyororo, kana kwamba huyo mtu haimjui. Akalitaja jina mara ya pili kuhakikisha. Hakuna kitu.

Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Kumbe si yeye," alisema polepole.

Mama yake Nickson, Esteri, aliishi kijijini Muyama. Ndiye aliyemfundisha Careen makofi ya salamu, akimcheka kwamba anapiga kama anayeua mbu, na kila msimu alimwekea maharage mabichi. Uchumba ulipovunjika Careen alikata mguu, hata kuaga hakuaga. Alikuwa amemwacha mama wa watu vilevile alivyoachwa yeye, na aibu ikamshika.

"Tuuondoe huo mstari?" Gasper aliuliza.

"Uache. Na sauti iache hivyo hivyo."

Ijumaa baada ya vipindi alipanda pikipiki kwenda Muyama, wimbo ukiwa kwenye simu. Walikuwa wameshatoka nje ya mji ndipo alipokumbuka kwamba wamepita mbele ya ofisi ya maji, naye hakutazama.

Esteri alikuwa uani, anapeta maharage. Careen akapiga magoti, akapiga makofi. Yule mama aliitikia kirefu: akauliza shule, wazazi huko Same, paa kama bado linavuja. Mwanawe hakumtaja. Careen alikuwa amejiandalia maneno ya kuomba radhi, lakini badala yake akatoa simu na kubonyeza.

Esteri alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kwenye shati la maua alicheka mpaka akashika mbavu, maana vifungo vya shati lile alivijua. Kisha ikaja ile sauti iliyokatika: *Mama hajambo?*

Akaweka ungo chini. Akaigeukia simu kama mgeni aliyesimama mlangoni, akaipigia makofi taratibu.

"Sijambo, mwanangu," aliijibu. "Mbona umekawia?"