Karani wa Ndani ya Kalenda

Kikohozi kilisikika kabla simu haijatolewa mkobani. Kilikuwa kikavu, cha mtu mzima. Hinal, fundi wa simu, aliweka bisibisi chini akasikiliza.

"Inakohoa tangu Jumatatu," Sitara alisema, akaiweka mezani.

Chumba kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya maduka ya vitenge ya Mtaa wa Msimbazi. Sitara alikuwa na mimba ya wiki tisa. Alikuwa amemwambia mumewe tu, na kalenda ya uzazi iliyomo kwenye simu. Tangu hapo maduka matatu yalikuwa yamemnyima kazi; la tatu lilimpa hongera ya mimba. Kesho yake alikuwa na usaili wa nne, kwenye duka la mtaa wa Gerezani.

"Nani alikuwekea hii kalenda?"

"Aliyeniuzia simu. Nilimwambia aniwekee kila kitu, mimi nachagua kava."

"Na palipoandikwa Kubali?"

"Alibonyeza yeye. Mara tisa, nilisikia."

"Na kava lenyewe limeshapasuka," alisema Hinal.

Baba yake, Lalit, alijifunza kushona suti kwa kufumua za mafundi wengine, uzi kwa uzi. Hinal hufumua programu. Aliinakili kalenda kwenye kompyuta isiyo na intaneti, akaigeuza kutoka lugha ya mashine kuwa maagizo yanayosomeka, akafuata kila mstari unaopeleka kitu nje. Mstari wa elfu nne mia mbili na kumi na moja ulikuwa mzito kuliko mingine. Alipoufumua, akatoka karani.

Alivaa shati la mikono mirefu na kitambulisho shingoni: Eliakimu. Alikohoa, akaomba maji, kwa kuwa ndani kuna vumbi. Sitara alimpa chupa yake, kisha akamwambia asome daftari alilolikumbatia.

"Jumapili, alasiri, jikoni," Eliakimu alisoma. "Mke kasema ana mimba. Mume kacheka. Mume kalia, kasingizia vitunguu."

Yote yalikuwa sahihi, hata vitunguu.

"Futa hapo," Sitara alisema.

"Kufuta si kitengo changu, dada."

"Gerezani je?"

"Wamepata taarifa tangu saa nne asubuhi."

Sitara alikaa chini polepole, mkono tumboni. Hinal aliwaandikia wenye kalenda kwa simu yake, akieleza alichokikuta. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: walishukuru, na toleo jipya lilikuwa tayari limeingia kwenye simu ya Sitara. Hapohapo daftari la Eliakimu likanenepa kurasa mia.

"Naing'oa programu yote," alisema Hinal.

"Ng'oa tu, bibie. Nitahamia simu ya mumewe. Naye alibonyeza Kubali."

Muda wa mapumziko wa Eliakimu ulikuwa umekwisha. Aliingiza mguu mmoja kwenye kioo cha simu. Sitara akamshika shati.

"Kaka Eliakimu, mwanangu usimwandike."

"Hilo siwezi." Alifikiri kidogo, kwa upole kabisa. "Ila nakuahidi, dada, jina lake sitalikosea hata herufi moja."