Ufa wa Darasa la Tano

Saa nne asubuhi kipande cha ukuta wa darasa kilimwangukia Nono, kikamvunja mguu. Mwalimu wake, Chadia, alikuwa ameuona ufa ule tangu mvua za kwanza. Alimwambia mkuu wa shule, Bwana Katongo, mara mbili, kisha akanyamaza na kuendelea kufundisha.

Kesho yake mkaguzi alifika shuleni Makomeno. Katongo alimvuta Chadia kando.

"Madamu, sema batoto balikuwa banapanda ku ukuta. Tutapona bote."

Ofisini, mamake Nono alikuwa ameketi, macho yamemvimba. Mkaguzi aliuliza nani aliujua ufa ule.

"Direktere alijua," Chadia alisema, akimwelekezea Katongo kidole. "Na mimi nilijua. Nilibaweka batoto pale kila siku."

Katongo aliinamisha kichwa. Mkaguzi aliwasimamisha kazi wote wawili.

Nje, Chadia alimkimbilia mama yule. "Mama Nono, unisamehe."

"Umesema kweli, Madamu," alijibu bila kugeuka. "Lakini ungeisema kwa nguvu kabla ya mutoto wangu kuumia."

Akashika njia ya hospitali. Chadia hakuthubutu kumfuata.