Gauni la Kompyuta

Kompyuta yetu ilizimika nikiwa katikati ya neno "karibuni". Niliachwa nikitabasamu mbele ya skrini nyeusi, mkono juu, mdomo wazi, nikimkaribisha nani sijui. Rafiki yangu Vera, aliyejitolea kujifanya mwanafunzi wangu kutoka Nairobi, alinipigia simu akicheka hadi akakohoa. "Teresa, uso wako umeganda kama wa mtu aliyemeza nzi!" Nilimwambia acheke taratibu, maana Jumamosi ilikuwa inakuja, na Jumamosi hiyo sikuwa na ruhusa ya kuganda.

Mambo yalikuwa hivi. Shule niliyokuwa nikifundisha hapa Kampala ilifungwa, nami nikabaki nyumbani Bugolobi, nikishinda kwenye roshani ya fleti yetu nikitazama malori yakielekea viwandani. Mwalimu asiye na darasa hufundisha yeyote. Nilikuwa nimeanza kumsahihisha muuza maziwa. Ndipo nikapata habari za watu waliotafuta walimu wa kufundisha Kiswahili kwa njia ya mtandao. Walinipa somo moja la majaribio, siku ya Jumamosi: mwanafunzi mmoja, msimamizi mmoja wa kusikiliza, basi. Somo likikatika, kazi imekwenda na maji. Niliitaka kazi ile, jamani, hadi nilikuwa naota nasahihisha madaftari.

Mume wangu, Odero, alisema ni virusi. Odero huuza mabati, lakini tangu siku alipochomoa karatasi iliyokwama kwenye printa ya bosi wake, hajioni tena kuwa mtu wa mabati. Alikunja mikono ya shati, akafuta programu tusizozihitaji pamoja na mbili tulizozihitaji, akaweka dawa ya virusi, kisha akaweka ya pili ili isaidie ya kwanza. Zikaanza kugombana. Kompyuta iliyokuwa ikisinzia sasa ikalala fofofo.

"Inajipanga," Odero alisema, akijifuta jasho. "Ipe muda."

Sijakueleza bado kuhusu gauni. Mama yake Odero alikuwa amekuja kutoka Siaya kutibiwa macho. Alipasuliwa, ukungu ukaondoka, na siku bendeji ilipotolewa aliomba uzi na sindano ya kufumia. Kazi ya kwanza ya macho yake mapya ilikuwa vazi la kompyuta yangu. Lilikuwa jeupe, lenye maua ya zambarau na marinda kwa chini, likifungwa kwa vifungo ubavuni, na kwa mbele ameacha kitundu cha kuwashia. Akalivalisha kasha la kompyuta kwa mikono yake mwenyewe.

"Nyar Bungoma," akaniambia, yaani binti wa Bungoma, kwa kuwa kwao mke huitwa kwa jina la kwao alikotoka, "vumbi la viwanda lisikuharibie kazi."

Ana wakaza wana watano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufumiwa kitu. Mimi na yeye tulikuwa tumeishi kwa adabu ya kuchosha. "Umelala salama, Mama?" "Salama, asante." "Godoro si gumu, Mama?" "Ni zuri, asante." Sasa ghafla gauni! Niliingia bafuni, nikafungua bomba nisisikike, nikalia kwa furaha.

Alhamisi Mama alilivua gauni akalifua, akalianika kwenye roshani. Siku nzima kompyuta ilikimbia. Nilifanya mazoezi na Vera asubuhi na mchana, picha safi, sauti safi. Odero aliporudi alijipiga kifua. "Si nilisema inajipanga?" Gauni lilipokauka, Mama akaja akaivalisha mashine, akafunga vifungo kimoja kimoja, akaipigapiga begani. Haikupita muda feni ya ndani ikaanza kunguruma, na Vera, niliyempigia tena, akakatikakatika kwenye skrini. Nikapitisha mkono chini ya marinda. Moto! Kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Mashine hupumua kwa vitundu vilivyo nyuma na ubavuni, na vitundu vyote vilikuwa vimezibwa na maua ya zambarau.

Nilimvuta Odero chumbani nikamweleza. Alikaa kitandani kama aliyepokea habari za msiba.

"Usithubutu kumwambia," akanong'ona. "Macho mapya, Teresa! Kazi ya kwanza!"

Hakuwa na haja ya kunikataza. Mimi mwenyewe ningekubali kuacha kupumua kabla ya kumrudishia Mama zawadi ile. Tukapanga njama yetu. Jumamosi Odero angempeleka Mama Kansanga kuangalia vitenge, mimi niivue mashine, nifundishe, niivalishe tena kabla hawajarudi.

Jumamosi ikafika, na Mama akatoka chumbani amevaa nguo yake ya kanisani na kilemba.

"Vitenge havitakimbia," alisema. "Leo nataka kumwona Nyar Bungoma akifundisha."

Akavuta kiti, akakaa ubavuni mwa kompyuta, akaweka kiganja juu ya gauni. Nyuma yake Odero alinipungia mikono, akinionyesha vifungo, dirisha, mlango, sijui alitaka niruke! Nilimkata jicho akatulia.

Mwanafunzi wangu aliitwa Byron, mtu mzima mwenye miwani, Kiswahili chake kikitembea kwa kuchechemea. Tulisalimiana vizuri. Tulihesabu matunda. Tulipofika kwenye familia, feni ikaanza kunguruma. Uso wa Byron ukavunjika vipande, na sauti yake ikaja kwa mbali: "Mwalimu? Mwalimu, unapotea."

Nilimtazama Mama. Alikuwa anaitabasamia skrini kwa fahari, haelewi kwamba naangamia. Nilitaka kazi, na nilitaka tabasamu lile libaki mahali pake. Nilivitaka vyote viwili.

"Mama," nikasema, "nisamehe. Gauni linaziba hewa. Ndilo linaloizima mashine."

Odero alifumba macho. Mama akapitisha mkono chini ya marinda, akautoa haraka.

"Umejua tangu lini?"

"Alhamisi."

"Na wewe?" akamgeukia mwanawe. Odero alitazama dari. "Ala!" Mama akasema. "Kwa hiyo mnajifungia chumbani kunong'ona juu yangu! Kazi inapotea, mashine inakufa, na mimi mnanibeba kama yai! Mimi nimekuja kwa watoto wangu, au nimekuja hotelini?"

Huku akifoka, vidole vyake vilikuwa vikifungua vifungo mbio mbio. Akalivua gauni kwa juu, akalitupa kwenye kochi, akachukua sinia ya plastiki akaanza kuipepea mashine kwa hasira. Feni ikashusha sauti. Uso wa Byron ukajikusanya, naye alikuwa amekenua meno yote.

"Mwalimu," akasema, akilitafuta kila neno, "nimesikia. Mama amekasirika. Wewe umeficha. Kuficha si vizuri!"

Msimamizi, bibi mmoja aitwaye Ayaa ambaye hakuwa ametoa hata mguno, alipasuka kwa kicheko. Kuanzia hapo hofu ilinitoka. Nilimwambia Byron amwamkie Mama. Mama, bila kuacha kupepea, akamjibu, akamuuliza ameoa au bado, na kama bado, anangoja nini. Tulipomaliza, Ayaa alisema nianze Jumanne.

Odero aliruka juu. Mimi nilimgeukia Mama nimkumbatie, lakini akanizuia kwa sinia.

"Ngoja. Kwa kuwa leo tunasemezana ukweli, Nyar Bungoma, ugali wako hauivi."

"Ati nini?"

"Hauivi. Tangu nifike hapa. Nimeula kwa heshima, na tumbo limeniuma kwa heshima."

Mimi, mtoto wa Bungoma kwenye mahindi! Damu ilinipanda hadi masikioni. Odero akaanza kucheka, nikamtazama, akakumbuka ni yeye aliyekuwa akiusifu kila siku, akakimeza kicheko.

"Na wewe, Mama," nikasema kabla sijajizuia, "unakoroma. Hadi jirani ameuliza kama tumenunua jenereta."

Mama alinikodolea macho yale mapya. Kisha akapiga makofi, akacheka hadi kilemba kikamwangukia begani. "Kumbe una mdomo!" akasema. "Kumbe unao! Haya, twende jikoni."

Nilibandika maji, nikatia unga, nikaanza kusonga. Alisimama nyuma yangu karibu kabisa, kidevu chake kikinigusa bega.

"Tayari, Mama?"

"Bado. Songa."

Nikasonga hadi mkono ukawaka moto.

"Sasa je?"

"Bado, mwanangu. Songa."