Dirisha la Tiketi Lililofungwa

...kumi na saba, kumi na nane, usihemee mdomoni, hemea puani, tena polepole, maana pumzi ya mtu mzima ni dhoruba kwa kituo cha reli kinachoenea juu ya meza mbili, kumi na tisa, ishirini, mlango wa kamera upo wazi na utabaki wazi mpaka nihesabu mia mbili na arobaini, tundu la lenzi nimelibana likawa kama tundu la sindano ili ndoo ya zimamoto iliyo mbele na tangi la maji lililo nyuma vyote vionekane sawasawa, na tundu dogo linataka subira, ndivyo alivyonifundisha yule mwenye studio tunayemwita Jicho, akaniambia mzee, ukipita mbele ya lenzi mara moja picha haikuoni, ukikaa inakuona, basi nami nimekaa, ishirini na saba, hii ni picha ya mwisho katika filamu ya mwisho na Jicho anafunga saa kumi, akiisafisha leo kesho iko kwa katibu wa wastaafu wa reli, na mwakani iko kwenye kalenda yao, mwezi wa kwanza, si wa sita wala wa tisa, wa kwanza, wacha waione, wacha yule dereva mstaafu anayejua kila kitu duniani aivalie miwani aulize hii ulipiga mwaka gani, kituo si kilivunjwa, nami nitamaliza chai yangu kwanza, ndipo nimwambie nilipiga Jumanne, chumba cha nyuma, karibu na pasi ya mke wangu... thelathini na tano. Atakufa kwa wivu na nitamzika kwa heshima zote. Kwa sababu tazama, tazama tu, mataruma ya kulazia reli elfu moja na mia mbili, yote ya njiti za kiberiti, kila moja nimelipaka oili chafu na kulifuta, maana taruma jipya linang'aa na katika mwaka wa sabini na mbili hatukuwa na taruma jipya hata moja, kokoto ni tofali lililopondwa nikalichuja kwa chujio la chai, chujio ambalo hadi leo linatafutwa jikoni, makaa kwenye behewa la nyuma ya injini ni makaa kweli, kutu kwenye paa la ghala ni kutu kweli niliyoikwangua kwenye geti letu, jua ni balbu moja yenye kitambaa cha njano, nimeiweka mashariki, chini kidogo, ili kivuli cha nguzo ya ishara kiangukie taruma la tano kama kilivyoangukia saa tatu na dakika kumi asubuhi treni ya abiria ilipokuwa ikisimama, ninajua, nilisimama hapo miaka kumi na minne na bendera mkononi, arobaini na nane, na huyo mwembamba pale ukingoni mwa jukwaa, urefu wa nusu ya kidole, kofia imekaa upande, ni mimi, tumbo sikulipunguza, wakati ule sikuwa nalo. Hamsini. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna hii maishani mwangu, nalisema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kulisema, hamsini na mbili, na hapo ndipo panaponiuma, maana yule ambaye neno lake moja lingenitosha kuliko kalenda kumi yuko sebuleni anakunja nguo, nasikia redio yake, na miaka tisa hajatia mguu humu ndani, na kosa ni langu, liko wazi kama kituo hiki, aliingia siku moja na ufagio, roho yake nzuri, akaona vumbi mezani akalifagia, na vumbi lile lilikuwa kokoto za miezi miwili, nami badala ya kucheka nikamwambia toka, neno hilo hilo, toka, kwa mke wangu, karani wa tiketi wa miaka thelathini na moja, mtu ambaye wakaguzi wa makao makuu walimwamkia kwanza... akaweka ufagio chini, akatoka, hakununa, chakula kikapikwa kama kawaida, utani ukaendelea kama kawaida, Mkuu wa Kituo, reli zako zimeshiba leo, Mkuu wa Kituo, abiria wako hawali, lakini humu hakurudi, nami kila mwaka nikasema mwaka huu nitamwomba msamaha, nikaishia kutengeneza behewa jingine, sitini na nane. Sakafu imelia. Hapana. Ubao wa tatu kutoka mlango wa sebule, naijua sauti yake, anakwenda jikoni tu, hawezi kuja huku, mlangoni huning'iniza bendera zangu za kazi, nyekundu picha ikiwa inapigwa, kijani nikiwa nafanya gundi na rangi, na mtu wa reli hata akistaafu haipiti nyekundu, tisini... hapana, sitini na tisa, sabini, nimechanganya, tuliza moyo, itazame picha yako, tazama paa, tazama mlango wa abiria, tazama dirisha la tiketi, limefungwa, kibao kimeshushwa, kwa mujibu wa kitabu cha kanuni dirisha la tiketi hufungwa dakika tano kabla ya treni kuingia, na treni imeshaingia, basi limefungwa, hakuna mkaguzi atakayenikamata hapo... sabini na nane... muongo wewe. Kanuni gani. Limefungwa kwa sababu ulishindwa kumtengeneza karani wake, sema ukweli hata kichwani mwako, mara tatu ulijaribu, wa kwanza akatoka na uso wa askari, wa pili kama jino linamuuma, wa tatu ulikaribia, ulikaribia kweli, nyusi zile, shingo ile, ukamvunja ukimbandika, wote watatu wako kwenye kopo la vifungo, ukashusha kibao ukafungua kitabu cha kanuni. Lakini ndani nilimtengenezea, ndani kila kitu kipo, kabati la tiketi lenye vishimo vyake, mhuri wa tarehe, kiti, na mto wa kiti wa kitambaa cha maua alioushona mwenyewe, nimeushona mdogo kama ukucha, hata taa ndani inawaka, na hakuna kamera itakayoona, nimekaa na fahari hiyo peke yangu kama mwizi, tisini na moja, tisini na mbili, alikuwa akikaa kwenye kiti hicho mara ya kwanza nilipomwendea, sikuwa na safari, nilikuwa na sare mpya tu, akaniuliza bila kuinua macho, unakwenda wapi, nikasema siendi popote, akasema basi usizibe dirisha, wenye safari wako nyuma yako... na mlango unafunguka. Unafunguka kweli. Mwanga wa ukumbi umeingia wembamba sakafuni, umekufa, ameufunga nyuma yake, ni yeye, anasema kitu kuhusu simu, sijui binti yetu amepiga, sijui anauliza tunakuja Jumamosi, mia na tatu, na mdomo wangu unataka kusema nini, unataka kusema lile neno lile lile, nalisikia linapanda kooni, nakodoa macho kuonyesha mlangoni, naye anasema kwa sauti ya kanisani, usinitolee macho, Mkuu wa Kituo, nje kuna kijani. Kijani. Mungu wangu. Kwa haraka ya saa kumi nimening'iniza ya kijani, mimi, miaka kumi na minne sijawahi kuinua bendera isiyo yake, nimeinua leo, na mtu wa reli akiona kijani anapita, mia na tisa, siwezi kumlaumu, hata mahakamani atashinda. Anatembea kwa vidole vya miguu, ameona kamera, ameelewa, anazunguka kwa nyuma ya meza, ukutani, ambako majengo hayana migongo, sikuyajenga migongo kwa kuwa kamera haifiki, anainama, na sasa anaona ninachokiona mimi peke yangu siku zote, mia na kumi na sita, simwoni uso, namsikia tu, anasema kabati langu... anasema tarehe ya mhuri umeiandika kweli, wewe mtu... nimepoteza hesabu, mia na ishirini na kitu, halafu anasema, mto wangu. Basi. Mto wangu. Sauti imemkatika hapo, nami nimejinyoosha kama niliyeitwa ofisini kupandishwa cheo, amesema, hajasema ni kizuri wala nini, amesema mto wangu, ameutambua katika ukubwa wa ukucha, nani mwingine duniani angenipa sifa ya namna hii. Mia na thelathini. Kisha anasema, mbona umefunga dirisha, nanong'ona, kanuni, dakika tano kabla, anaguna, anasema kanuni yako wewe, mimi sikulifunga hata siku moja mpaka treni iondoke, kuna mama wa mbali anakuja mbio na mzigo, nimfungie, ulidhani bendera yako ilichelewa kila siku kwa sababu gani, ulikuwa unalitazama dirisha langu ndipo uinue... na ni kweli, barua mbili za onyo nilipata kwa kuchelewesha treni, nikazilaumu saa za kituo miaka yote hii, kumbe jicho langu lilikuwa dirishani kabla halijawa kwenye saa, na dirisha lilikuwa wazi, bila shaka lilikuwa wazi, nimejenga kokoto moja moja kwa kumbukumbu na dirisha nikalijenga kwa kitabu. Ukucha wake umeingia chini ya kibao, unakipandisha, katikati ya picha, mbele ya lenzi, mia na arobaini, na ile toka niliyoiogopa haipo kooni tena, nimeitafuta, haipo, naona kibao kinapanda na mwanga wa taa ndogo unamwagika jukwaani mpaka kwenye viatu vya yule mwembamba wa bendera, haukuwahi kufika pale, sikujua ungefika. Kigoda kinalia, amekaa, na dirishani, dirisha la sentimita mbili, limejaa jicho lake, nyusi ile, siyo ya askari, siyo ya maumivu ya jino, yenyewe, kubwa kuliko injini, wastaafu wote watajua sasa kwamba ni meza na njiti za kiberiti, dereva atacheka mpaka miwani idondoke, kalenda itampa mwezi wa kwanza mtu mwingine, mia na hamsini na mbili, na sijawahi kuwa na kituo kilichokamilika kama hiki. Nasema, kwa sauti, acha kituo kitikisike, nasema samahani ya ule ufagio, anasema ufagio gani, anajua vizuri ufagio gani, jicho limelowa kidogo, anasema niondoke, naharibu picha yako, na kidole changu kiko kwenye waya wa kubonyezea, nikiachia sasa hivi atabaki kivuli tu, picha haitamwona, Jicho alisema, ni anayekaa... nasema kaa, kaa hapo hapo, naongeza sekunde, nitahesabu mia nne, filamu ikiungua na iungue. Anaguna, anajiweka vizuri kwenye kigoda, naye ananiuliza kwa ile sauti ya kazini, bila haraka, unakwenda wapi... siendi popote, usipepese, mama, mia na sitini na moja, mia na sitini na mbili...