Shuka Nne, Ingia Mbili

Kompyuta ya Mama Uzi ilikuwa haiwaki mpaka ibembelezwe. Asubuhi unaibonyeza, inanguruma, inazima. Unaibonyeza tena, unaichapa kofi la ubavuni, inazima. Mara ya tatu ndiyo inaamka, na kuamka kwenyewe ni kwa kujivuta, utadhani imelazimishwa kwenda kazini. Mfumo uliokuwa ndani yake ulikwisha kuachwa na wenyewe waliouunda. Kila ikiwaka inaleta onyo refu katikati ya kioo, na Mama Uzi analifuta bila hata kulitupia jicho.

"Hiyo si kompyuta tena, hiyo ni mgonjwa mahututi," mteja mmoja alimtania.

"Mgonjwa wangu namuuguza mwenyewe," akajibu.

Kiwanda chenyewe kilikuwa chumba kimoja kinachotazamana na barabara, cha yeye na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wifi alikata na kushona sare. Mama Uzi alidarizi nembo vifuani: za shule, za walinzi, za hoteli, za timu za mpira. Nembo zilikaa kwenye kompyuta. Ukiitaka moja unaichukua kwa flashi, unaichomeka flashi kwenye mashine ya kudarizi, unabonyeza, mashine inashona yenyewe huku wewe umekunja mikono. Zilikuwa nembo mia mbili na ushee, zimetapakaa kioo kizima, na Mama Uzi alizijua zote kwa mahali pake. Ukimwambia hoteli ya stendi, anasema kimoyomoyo: shuka moja, ingia saba. Chuo cha wauguzi: shuka nne, ingia mbili. Hakukosea hata siku moja.

Sasa huyo mkwe wake. Mungu alimpa Mama Uzi binti mmoja, na binti akaolewa na fundi wa kompyuta, kijana mpole, anayemwamkia mama mkwe wake akiwa bado yuko ng'ambo ya barabara. Mwaka mzima kijana alikuwa akimsihi. Mama, mashine hii itakufa na kazi zako zote. Mama, nitakuletea nyingine, ina mfumo tofauti kidogo, lakini utauzoea kwa wiki moja. Na Mama Uzi alikuwa na majibu ya kumtosha. Leo alisema nembo zitapotea njiani. Kesho alisema mashine ya kudarizi haitaelewana na mgeni. Kijana akionyesha kwamba zitaelewana, anaambiwa kidole kimeshazoea hapa, kukifundisha upya ni kukitesa. Siku moja alipoishiwa kabisa alisema hapendi rangi yake.

"Rangi, mama?" mkwe akauliza.

"Rangi," akasema Mama Uzi, akakaza uso.

Na wifi mtu, ambaye kwa kawaida hakuacha jambo lipite bila kulitia chumvi, kwa hili alikuwa upande wake. "Mwache mama yako na kompyuta yake," alimwambia kijana. "Kila mtu na ugonjwa wake." Mama Uzi alishangaa kuungwa mkono namna ile, lakini hakuuliza. Ukipewa bure unapokea.

Watu wakasema ni mkaidi, na yeye aliona afadhali wamwite hivyo kuliko wajue. Ukweli ni kwamba macho yalikuwa yanamwacha. Ilikuwa mwaka wa pili sasa. Yalianza na ukungu kidogo asubuhi, akadhani ni usingizi, halafu ukungu ukahamia moja kwa moja. Barabarani alitembea vizuri tu, sura za watu alizijua kwa sauti na kwa mwendo. Lakini maandishi madogo ya kwenye kioo yalikuwa yamegeuka mchanga, na nembo zake zilikuwa madoa ya rangi, hili jekundu, lile la kijani. Haikuwa na neno, maana hakuhitaji kuziona. Alizijua zilipokaa. Mtu akiletewa kompyuta nyingine, vitu vimehamishwa, anaanza kutafuta kwa macho. Naye macho ya kutafutia hakuwa nayo, na siku hiyo hiyo wangejua.

Wakijua je? Alishawaona wenzake. Ikisikika tu kwamba mama haoni vizuri, watoto wanakutana, wanasikitika, wanamwekea kiti kizuri chenye mto, wanamwambia umefanya kazi ya kutosha, pumzika. Na mtu anapumzishwa mpaka anasahau siku ni ya ngapi. Mama Uzi aliapa kiti hicho hatakikalia, ng'o. Mashine yake ndiyo iliyosomesha binti, ndiyo iliyomsimamisha baada ya msiba, na jina lenyewe alilipata hapo.

Basi Alhamisi moja asubuhi kompyuta ikabonyezwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya kumi. Kimya. Kofi la kushoto, kofi la kulia. Kimya. Na mezani kulikuwa na sare sitini za chuo cha wauguzi, nyeupe pee, ambazo wanafunzi wangezivaa Jumamosi kula kiapo.

"Nampigia mkwe," akasema wifi.

"Ngoja kwanza!"

"Ningoje nini? Wauguzi wale kiapo vifua wazi?"

Mkwe alifika kabla ya saa nne, kompyuta mpya kwapani, jasho linamtoka. "Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba," akasema Mama Uzi kwa unyonge. "Ndiyo hivyo tena. Nembo zangu zimekwenda na mwenyewe."

Kijana akainamisha kichwa. "Hazikwenda, mama. Nilichukua nakala mwezi uliopita, ulipokwenda harusini. Shangazi alinifungulia. Utanisamehe."

Mama Uzi hakujua amkumbatie au amfukuze. Alimgeukia wifi, na wifi akajitia kutunga uzi kwenye sindano. Ndani ya nusu saa kioo kipya kilikuwa kinang'aa juu ya meza, na nembo zote mia mbili na ushee zilikuwemo, hakuna iliyopungua.

"Na nimekupangia kwa herufi, A mpaka Z, ili usihangaike kutafuta," mkwe akasema kwa fahari, kisha akaingia chini ya meza kufunga nyaya.

Heri angemtupia nembo zote barabarani. Mama Uzi alisogea, akakaza macho mpaka yakatoa machozi, na kilichokuwa mbele yake ni madoa ya rangi yaliyochanganywa na mtu asiyemtakia mema. Angeweza kumwita kijana. Lakini mkwe ni mkwe. Humwambii mkwe wako kwamba huoni, kama vile usivyomwambia kwamba mgongo unawasha. Akashika mausi. Shuka nne, ingia mbili. Palikuwa na duara jekundu, katikati kitu cha manjano. Chuo cha wauguzi ni duara jekundu lenye taa ya manjano katikati. Ndiyo yenyewe! Moyo ukamtulia. Pengine zimebaki palepale, pengine alikuwa anahofia bure. Akaitia kwenye flashi, akaichomeka mashineni, akabana sare ya kwanza kwenye fremu, akabonyeza. Mashine ikaanza kucharaza, naye akakunja mikono na kuinua kidevu, mtu asione kitu.

Ilipomaliza, wifi akaja kuichukua sare. Akaitandaza. Akaileta karibu na uso, akaipeleka mbali. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha kukaa chini.

"Wifi! Jamani wifi! Umewapeleka wauguzi machinjioni!"

Kifuani pa sare ile nyeupe, kwenye duara jekundu, kilikuwepo kichwa cha manjano cha fahali, pembe hizo, pua hiyo, kimeshonwa vizuri kabisa. Ilikuwa nembo ya wachinjaji wa sokoni, wateja wa miaka mingi.

Mama Uzi akawaka, maana aliyeshikwa pabaya huwaka. "Si niliwaambia! Si nilisema kompyuta ngeni inachanganya mambo! Mwaka mzima nasema, mnaniona mkaidi! Haya, tazameni!"

Mkwe akatoka chini ya meza. Akaitazama sare, akaitazama kompyuta. Pale kwenye kioo palikuwa na picha ya fahali yule yule, pembe na pua, na chini yake pameandikwa jina la machinjio. Hata mtoto wa chekechea asingeikosa. Kijana akafungua mdomo, akamwangalia mama mkwe wake, akaufunga.

"Ni kosa langu, mama," akasema taratibu. "Nimeharakisha. Itakuwa nimezichanganya wakati wa kuzihamisha. Naiondoa sasa hivi, nitafute namna ya kuifufua ile ya zamani." Akaanza kuchomoa waya.

Hapo ndipo pangekuwa mwisho wa mambo. Mama Uzi alikuwa ameokoka, kashika ushindi mkononi. Alichotakiwa kufanya ni kununa tu na kunyamaza. Lakini alimsikia yule kijana anavyozungusha waya polepole, anavyoguna kidogo, fundi ambaye mji mzima ulimwamini, anajitia uzembe asioufanya kwa sababu ya heshima. Jamani, mtoto wa watu amekosa nini?

"Acha," akasema.

"Haina shida, mama, ni dakika mbili."

"Nimesema acha huo waya! Kompyuta haina kosa. Wewe huna kosa." Akavuta kiti, akakaa. "Sioni. Mwaka wa pili huu sioni. Hayo maandishi siyaoni, hiyo picha siioni, ya zamani nayo nilikuwa siioni. Nilikuwa nahesabu tu. Haya, mmeshajua. Leteni hicho kiti chenu chenye mto."

Mkwe aliangalia sakafu. Mama Uzi alingoja wifi acheke, na wifi hakucheka.

"Najua," akasema wifi.

"Unajua nini?"

"Kwamba huoni. Wifi, hizo koni za uzi unadhani zinajipanga zenyewe asubuhi? Uliwahi kudarizi shule nzima kwa uzi mweusi badala ya buluu. Nilifumua mwenyewe nyumbani, siku tatu, vidole vikaota sugu. Tangu hapo nawahi kuja kabla yako, napanga."

"Nilidhani unawahi kwa sababu ya mume wako kukoroma!"

"Na hiyo nayo ipo," akasema wifi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeacha kazi kwa aibu, nakujua ulivyo. Nami nibaki humu na nani? Na hizi cherehani?" Sauti ikamkatika, akajifanya kupangusa mkasi. "Ndiyo maana nikamzuia huyu mtoto. Nilijua siku atakayobadilisha hiyo kompyuta, mambo yatakuwa hadharani. Ila nakala nikampa. Sikutaka ufe njaa na siri yako."

Mama Uzi alifunika uso kwa viganja. Alilia, halafu katikati ya kilio akamkumbuka yule fahali kifuani pa muuguzi, akaanza kucheka, na wifi akajiunga naye, wakacheka mpaka mkwe akasahau adabu na kucheka nao. Miaka miwili alikuwa amebeba gogo begani, akiamka nalo, akilala nalo, na sasa limeanguka chini na hakuna aliyeumia. Alijisikia mwepesi mpaka akashika ukingo wa meza.

"Mimi nilidhani hunipendi, mama," mkwe akasema, akijifuta macho. "Mwaka mzima. Kila nikirudi nyumbani namwambia mwanao, mama hanitaki, hata kompyuta yangu hataki."

"Nani kakwambia sikupendi? Ningekupa binti yangu wa pekee?"

"Ulisema hupendi rangi yake."

"Rangi yenyewe sijui ni rangi gani!" akasema Mama Uzi, na wifi akaenda chini tena kwa kicheko.

Kijana akaurudisha waya mahali pake. Akavuta kiti, safari hii akakaa hasa, si kwenye ukingo kama mgeni. "Mama, maandishi yanakuzwa. Picha zinakuzwa. Hata kusoma, inaweza kukusomea kwa sauti."

"Hii mpya?"

Akasita. "Hata ile ya zamani ingeweza."

"Unasema?"

"Ingeweza, mama. Ungeniambia tu."

Mama Uzi alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Akapiga kofi paja lake na kusema loo, basi.

"Na Jumamosi tukipeleka sare chuoni," wifi akaingilia, "wale wauguzi wote sitini watakuangalia hayo macho, mmoja mmoja. Pengine ni mtoto wa jicho tu, anatolewa. Jirani yangu katolewa, sasa anaona mpaka mambo yasiyomhusu."

"Nitakwenda," akasema Mama Uzi. "Lakini kwanza tuwashonee."

Wifi alikuwa ameshashika wembe, anamfumua fahali pembe kwa pembe. Mkwe akabonyeza, na nembo zikavimba kidogo kwenye kioo.

"Hapo unaona, mama?"

Mwili mzima ulimtuma aseme naona, kwa mazoea tu. Akavuta pumzi, akaishusha.

"Sioni," akasema kwa sauti, mlango uko wazi na wapita njia wanasikia. "Kuza tena, baba."