Mkwe Habebwi na Mkwe

Madereva wa malori pale Malaba waliniita Filimbi, na sikuwahi kuwalaumu. Nikipandisha kilima na pikipiki yangu, kifua kinaimba kuliko injini. Pumu nimezaliwa nayo. Tumezoeana kama mume na mke walioshindwa kuachana. Asubuhi na jioni navuta inhela ya kahawia, kisha nasukutua mdomo. Ya bluu inakaa mfuko wa shati, ya kuokoa siku kifua kikigoma. Foleni ya malori siifuati. Napita vichochoro, moshi wa dizeli nawaachia wenye mapafu ya akiba. Abiria aliyejimwagia marashi namwambia, "Dada, leo panda pikipiki ya mwenzangu Ikapel, mimi utanizika njiani." Anacheka, nami nacheka, lakini simbebi.

Basi siku moja nilipeleka gunia la wimbi Adungosi, nyumbani kwa mama mkwe. Binti yake mdogo alikuwa anaolewa, na pombe yetu ya wimbi, ajono, haijipiki. Unga huchachushwa kwanza, halafu hukaangwa juu ya bati pana, na moshi wake unaweza kumtoa nyoka shimoni. Mkaangaji anayeaminiwa na kijiji kizima ni mama mkwe. Jina lake silitaji. Mkwe hataji jina la mkwe. Hatushikani mikono, hatuli tukionana, hatusemezani. Nikifika nasimama nje ya ua wa minyaa, natua mzigo, nasalimu hewa, narudi.

Siku hiyo, nikiwa pale nje ya ua, nilisikia filimbi. Nikajishika kifua. Haikuwa yangu.

"Leonida," nikamwita jirani yao, mama wa Funyula aliyeolewa hapo, ambaye mdomo wake haujawahi kufunga duka. "Nani anapumua hivyo?"

"Mama mkwe wako. Anasema ni baridi."

"Baridi gani mbele ya moto kama huo?"

"Muulize wewe," akasema, akijua siwezi. "Hospitali walimwambia ni pumu. Akasema pumu ni ya watoto na ya mkwe wake."

Nilichungulia kati ya minyaa, jambo ambalo mkwe mwenye adabu hafanyi. Mama mkwe alikuwa ameketi chini kando ya bati, mikono kwenye magoti, mabega yanapanda na kushuka, mashimo yamejichimba shingoni. Nilijiona mimi mwenyewe nimevaa leso.

"Mtoe kwenye moshi," nikamwambia Leonida. Akamkokota hadi karibu na ghala. Filimbi haikunyamaza, ilipungua tu sauti, na hiyo ndiyo mbaya. Kifua kinachopiga kelele bado kina hewa.

Nikampigia mke wangu, Asekenye, aliyekuwa sokoni kununua sukari. Akasema anamtafuta Ikapel sasa hivi. Wanaume wote wa boma walikuwa mnadani na ng'ombe wa mahari. Pikipiki yangu ilikuwa imesimama hapo hapo, tangi limejaa, na mgonjwa alikuwa hapo hapo, hatua chache tu kutoka kwangu. Lakini mkwe habebwi na mkwe. Mgongo wangu na kifua chake, mbele ya kijiji, juma la harusi? Nilisogea hadi kwenye mwanya wa ua. Bila kunitazama, mama mkwe akainua kiganja: simama hapo.

Nikasimama.

Kilichobaki ni inhela ya bluu. Nikaitikisa, ndani kulisikika kidogo tu, nilikuwa nimepanga kununua nyingine kesho yake. Nikamrushia Leonida juu ya minyaa.

"Mwambie atoe pumzi kwanza."

"Atoe ipi, shemeji, na hana?"

"Basi mtie mdomoni, bonyeza akivuta."

Leonida akasimama mbali kama anayeua mende, akampulizia usoni. Mara moja, mara ya pili, ya tatu.

"Mdomoni, Leonida. Si kwapani."

"Umesema bonyeza, nimebonyeza."

Akamsukumia mdomoni na kubonyeza tena, lakini wakati huo mwenyewe alikuwa anakohoa. Dawa yote ikatoka kama moshi wa sigara. Mimi huku nje vidole vilikuwa vinafanya kazi hewani, vinashika, vinabonyeza, kama kichaa anayecheza zumari.

Nikaokota chupa ya soda ya plastiki kando ya njia, nikaipangusa kwa shati, nikatoboa tundu kitakoni kwa kisu. Nikampa Leonida juu ya ua.

"Inhela iingie huku nyuma. Yeye aweke mdomo huku mbele, apumue tu kama kawaida. Wewe bonyeza, ngoja, bonyeza."

Hapo ikaanza kufanya kazi. Nikasikia filimbi ikirudi, halafu ikashuka kidogo. Nilitaka kumtania mtu. Nikafungua mdomo nimwambie Leonida sasa ni daktari wa chupa, na neno halikutoka.

Upepo ulikuwa umegeuka. Bati lilikuwa linaungua bila mkaangaji, na moshi wote ulikuwa unakuja kwangu.

Nikainama. Leonida akaniona.

"Shemeji? Na wewe?" Akaja mbio na inhela. "Chukua."

Nikatikisa kichwa. Ilikuwa imetoka mdomoni mwa mama mkwe. Kuitia mdomoni mwangu mbele yake ni kama kula naye sahani moja; aibu hiyo ingemfika yeye kabla yangu.

"Mtakufa wawili kwa heshima," akasema Leonida, na safari hii hakuwa anacheka.

Mama mkwe akajikokota akasimama. Akaichukua inhela kwa Leonida, akaifuta kwa pindo la leso, akaiweka juu ya jiwe karibu na mwanya wa ua, akaenda polepole nyuma ya ghala.

"Mwambie," akasema huko nyuma, neno moja moja, "mimi sioni. Nisichokiona hakijaliwa."

Nikaichukua. Nikatoa pumzi ile ndogo niliyokuwa nayo, nikabonyeza. Ikatoa sauti ya nyau aliyekanyagwa mbali. Nikabonyeza tena. Ikanyamaza kabisa.

"Mwambie aketi," sauti ikatoka nyuma ya ghala. "Ainame mbele. Asilale."

"Mwambie," nikasema, "na yeye."

Leonida akawa anageuka huku na huku akibeba maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameshayasikia. Kisha maneno yakaisha, zikabaki filimbi mbili, moja nyuma ya ghala, moja nje ya ua.

Ikapel akaja. Peke yake, na pikipiki moja.

"Mgonjwa ni nani?" akauliza.

Mama mkwe akatokea akijishikilia ukutani, uso ameugeuzia upande. Nilinyoosha kidole kumwonyesha yeye. Yeye, bila kunitazama, akanyoosha kidole kunionyesha mimi. Ikapel akatutazama kwa zamu, hajui ageukie wapi, injini ikinguruma, na moshi wake ukitujia wote wawili.