Wa Tatu ni Nani

Kipaza sauti kilimtaja wa kwanza, kikamtaja wa pili, kisha kikanyamaza. Nje ya lango la uwanja wa Rangun, Daw Ohn Kyi aliuacha upawa ndani ya mchuzi wa samaki aliokuwa akiuza. Michezo hii ya mataifa jirani ilikuwa ya pili tu tangu ianzishwe, na leo mwanawe alikuwa amekimbia.

"Mwanao na yule wa Malaya wamefika bega kwa bega," alisema Ko Lwin, mlinzi wa lango. "Waamuzi bado wanabishana. Ingia ukaone, mama, sufuria nitailinda."

"Utailinda au utaimaliza?"

"Vyote viwili. Nenda bwana!"

Hakuwahi kuingia humo. Alipenya haraka kati ya watu, maana mwanawe, Thaung Sein, alikuwa ameahidi: akikosa medali, anarudi bandarini kubeba magunia ya mchele, kazi ileile iliyomvunja baba yake mgongo na kumlaza hadi kufa. Mama mtu ndiye aliyemtoza ahadi hiyo, kwa kuwa mbio hazikuleta chakula nyumbani. Sasa aliijutia.

"Wa tatu," kipaza sauti kilikohoa, "Thaung Sein, Burma!"

Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Mwanamke asiyemjua alimkumbatia. Daw Ohn Kyi alimtazama kijana mwembamba akipanda jukwaani, akiinamisha kichwa avishwe shaba, bendera ikipanda. Ee, huyu kweli nilimzaa mimi? Mikono ikajiinua yenyewe, viganja vikakutana juu ya paji la uso, vile afanyavyo mbele ya Buddha pagodani.

"We mama!" Yule mwanamke alimshika kiwiko. "Mzazi hamsujudii mwanawe! Unamtafutia balaa mtoto!"

Thaung Sein alikwisha kumwona. Aliruka kutoka jukwaani wimbo wa mshindi ungali unapigwa, ofisa mmoja akimvuta fulana, akavuka njia ya mbio na kupiga magoti mbele ya uzio. Akagusa nyasi kwa paji la uso mara tatu. Maofisa walibaki midomo wazi.

"Mama, shusha mikono. Nakuomba."

Aliishusha. Alipangusa pua kwa kiganja kinachonuka samaki.

"Nenda," alisema. "Rudi ukapande kile kijukwaa. Sijakutazama nikatosheka."